Mjomba wa Antigone

Anayetaka kuihamisha tamthilia ya kale na kuileta Uluguru haanzi na mavazi wala majina. Anaanza kwa kuhesabu wajomba: nani ndugu wa tumbo moja na mama wa nani, nani mtoto wa dada, nani ameoa ukoo upi na analima ardhi ya nani. Akikosea hapo, hata apande migomba ya kweli jukwaani na kumvisha kila mwigizaji kaniki, mchezo utabaki kama mgeni aliyekuja na begi lake na hajalifungua.

Chukua Hamlet. Mfalme amekufa kwa sumu ya mdogo wake Claudius, ambaye amekalia kiti na kumwoa mjane; mzuka wa marehemu unadai kisasi, na mtoto wake Hamlet anaona ameporwa. Isimulie hivyo Kinole au Mgeta, mbele ya wazee wanaozijua mila za mlimani. Watakusikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha mmoja atauliza jambo ambalo Shakespeare hakulijali: hao ndugu wawili, mama yao mmoja? Ukisema ndiyo, kesi imekwisha. Waluguru, kama Wakaguru, Wakutu, Wazigua na Wazaramo, kwa mila huhesabu ukoo kwa mama. Kiti cha mtu humwendea ndugu yake wa tumbo moja au mtoto wa dada yake, si mwanawe. Claudius basi ni mrithi halali. Kilichobaki cha kumshtaki ni ile sumu tu, na sumu peke yake ni kesi ya polisi, haitoshi kuuangusha ukoo mzima.

Swali la yule mzee si dhana tupu. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Laura Bohannan, alichapisha mwaka 1966 makala kuhusu siku alipowasimulia Hamlet wazee wa Kitivi huko Nigeria. Wativi huhesabu ukoo kwa baba, lakini nao walitaka kujua kwanza kama wale ndugu walizaliwa na mama mmoja, na waliona Claudius amefanya vema kumwoa mjane wa kaka yake. Bohannan alikwenda akiamini kwamba hadithi kubwa hueleweka kote kwa namna moja. Wazee walimsahihisha kwa upole, pombe ikiendelea kunywewa.

Sasa fundi wetu afanye nini? Anaweza kumgeuza Hamlet awe mpwa badala ya mwana, marehemu awe mjomba wake mkubwa na Claudius mjomba mdogo. Mambo mengi yatakaa sawa: mzuka wa mjomba una haki ya kumdai mpwa, na mpwa ana haki ya kukidai kiti. Lakini mama naye atakuwa dada wa wanaume wote wawili, hawezi kuolewa na yeyote kati yao, na hasira yote ya kijana kwa mama yake, ambayo ndiyo moto wa mchezo ule, itazimika. Fundi mzuri akifika hapo huweka kalamu chini, akamwacha Hamlet abaki Denmark. Mimi naiheshimu kalamu iliyowekwa chini kwa sababu kama hiyo kuliko tamthilia kumi zilizolazimishwa.

Lear ni habari nyingine. Baba anayewagawia binti zake watatu ardhi, kwa mila ya Uluguru, anagawa kisicho chake. Ardhi ni ya ukoo, na mabinti wanayo yao kwa mama yao. Baba anaweza kumpa mwanawe kipande cha kulima, lakini ukoo wake hutarajia kipande hicho kirudi siku moja, na ugomvi wa namna hiyo ni wa zamani mlimani. Mgeuze Lear basi awe mwanamume aliyehamia kwa mkewe, akatengeneza matuta, akapanda mibuni na migomba kwenye ardhi ya wakwe kwa miaka yote ya nguvu zake. Mke amekufa. Mabinti wana waume. Mzee anatazamwa sasa kama mpangaji aliyekaa kupita muda wake, na kwao alikotoka wapwa zake wamekwisha kugawana sehemu yake. Usiku wa mvua anatoka, njia ya mlima mbele yake. Shakespeare alihitaji mfalme mzima na ujinga wake ili kumfikisha mzee kwenye mvua ile. Mlimani unahitajika uzee tu, na mke kutangulia.

Kazi hii ina soko hata mahali usipopatarajia. Marekani kuna aina ya riwaya zinazouzwa sana, riwaya za Waamishi: Wakristo ambao mababu zao walianza kuhamia Pennsylvania kutoka Ulaya katika karne ya 18, ambao mpaka leo wengi wao husafiri kwa gari la farasi na hawaungi umeme wa gridi majumbani. Beverly Lewis aliufungua mlango huo kwa The Shunning mwaka 1997, na waandishi waliofuata, wengi wao wasio Waamishi, wamekuwa wakichukua hadithi za kale, za jukwaani na za vitabuni, na kuzipanda katika mashamba hayo. Nyingi ni nyepesi, nakiri hazinikeshi. Lakini waandishi wale wameona kitu cha kweli. Mapenzi yaliyokatazwa yanataka mtu mwenye uwezo wa kukataza. Katika jiji la leo Romeo na Juliet wangepanda basi la alfajiri na mambo yakaishia hapo. Kwa Waamishi, aliyebatizwa akavunja kanuni anaweza kutengwa, hata ndugu zake wasile naye meza moja. Kwa hiyo neno la wazee lina uzito, na mchezo wa kale unapata tena mzigo wa kubeba. Wenzao wa shina moja, Wamenoniti, walifika Shirati mkoani Mara mwaka 1934 na wapo hadi leo, ingawa hakuna aliyewatungia riwaya za mapenzi zenye gari la farasi kwenye jalada.

Sisi tulianza mapema kuliko hao. Mmisionari Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na mwaka 1867 akachapisha huko kijitabu kilichoitwa Hadithi za Kiingereza. Ndani yake kulikuwa na michezo ya Shakespeare iliyokwisha kuvuliwa vazi la jukwaa, kwa kufuata masimulizi ya ndugu wawili wa Kiingereza, Charles na Mary Lamb, ya mwaka 1807. Ule wa mfanyabiashara wa Venisi aliupa jina Kuwia na Kuwiwa. Ninachokipenda ni chaguo lenyewe. Unguja ya miaka ile iliendeshwa kwa deni: misafara ya pembe za ndovu ilikwenda bara kwa mikopo, na hati ya mkopo ilikuwa kitu ambacho msomaji amekiona kwa macho yake, pengine kwa jina lake mwenyewe. Hadithi ya mtu aliyeweka dhamana asiyoweza kuilipa haikuhitaji maelezo ya pembeni. Katika ghala la Shakespeare lenye michezo zaidi ya thelathini, mchezo huo ulikuwa na mlango uliokwisha kufunguliwa.

Miaka mia moja baadaye kazi ikachukua njia nyingine. Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena kama Juliasi Kaizari mwaka 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi akaleta Makbeth mwaka 1968, Tufani mwaka 1969, na mwaka 1971 akamleta Mgiriki Sophocles kwa Mfalme Edipode. Hao walifasiri. Roma ikabaki Roma, Thebe ikabaki Thebe, na Kiswahili kikathibitisha kwamba kinaweza kuwabeba watu wale bila kupinda mgongo. Kuhamisha ni ufundi wa pili, na mfano wake bora upo Nigeria. Ola Rotimi aliupeleka mchezo wa Edipode kwa Wayoruba katika The Gods Are Not to Blame, ulioigizwa kwanza mwaka 1968. Kwa Wagiriki, Edipode anamuua baba asiyemjua kwenye njia panda, kama miungu ilivyotabiri, wakigombania nani apishe. Rotimi ni kama aliutazama ugomvi ule akaona kwamba kwa watu wake hauna uzito; kugombania kupita hakumfanyi mtu mzima aue. Akaweka ugomvi wa shamba badala yake. Mwanamume anakuta watu wanachimba viazi vikuu katika ardhi aliyoinunua, maneno yanazidi, kabila linatukanwa, jembe linanyanyuliwa. Hukumu yote ya miungu inapita kwenye jembe lile, na mtazamaji yeyote mkulima anajua kwamba angeweza kuwa yeye.

Morogoro, mji ulio chini ya mlima huu, nao si mji unaoogopa kuhamisha vitu. Salum Abdallah na Cuban Marimba yake walichukua midundo iliyofika kwenye sahani za santuri kutoka Kuba, wakaitia Kiswahili na mambo ya mji huu, na watu wakacheza bila kuuliza Kuba iko wapi.

Na jukwaani mkoa huu una mtu wake. Penina Mlama, aliyeandika pia kwa jina la Penina Muhando, alizaliwa mwaka 1948 Berega, Ukaguru, kwa watu ambao nao huhesabu ukoo kwa mama. Tamthilia zake, kuanzia Hatia ya mwaka 1972 hadi Nguzo Mama na Lina Ubani za miaka ya 1980, hazikuhamishwa kutoka kokote. Ila ni yeye aliyeonyesha jukwaa la huku limetengenezwa kwa nini: bibi msimuliaji anayeingia na kutoka katika hadithi, ngoma inayoanza kabla ya maneno, watazamaji wasiokaa kimya. Katika kazi zake za sanaa za maonyesho kwa maendeleo, Msoga kule Bagamoyo na Mkambalani hapa jirani na mji, wanakijiji wenyewe waliyatoa matatizo yao, wakayaigiza, kisha wakayajadili palepale. Anayeleta kiitikio cha Wagiriki Uluguru asitafute wazee kumi na watano wa kuimba kwa sauti moja. Kikao cha ukoo kipo tayari, na kikao hakiimbi kwa sauti moja, kinabishana.

Basi tuje kwa Antigone, mchezo ambao naamini Uluguru imekuwa ikiungoja.

Sophocles aliuonyesha Athene karibu mwaka 441 kabla ya Kristo. Wana wawili wa Edipode, Eteocles na Polynices, wamegombania utawala wa Thebe na kuuana. Creon ameshika nchi. Anaamuru Eteocles azikwe kwa heshima, na Polynices, aliyekuja na jeshi la ugenini, aachwe nje aliwe na mbwa na ndege. Antigone, dada yao, anamwagia maiti udongo. Anakamatwa, anafungiwa pangoni akiwa hai, anajinyonga. Haemon, mchumba wake na mwana wa Creon, anajiua juu yake. Eurydice, mama wa Haemon, anajiua akisikia habari.

Hesabu wajomba. Creon ni kaka wa Jocasta, na Jocasta, mke wa Edipode, ndiye mama wa Antigone na ndugu zake. Kwa Wagiriki undugu huo ulikuwa wa pembeni. Creon alipata kiti kwa kuwa wenye kiti wamekwisha. Kwa Waluguru huyo ni mjomba, mwenye neno kuhusu ndoa yao, mashamba yao na mazishi yao kuliko baba aliyewazaa. Marehemu wote wawili ni wapwa zake, warithi wake. Antigone ni wa ukoo wake. Haemon, mwanawe wa kumzaa, siye; yeye ni wa ukoo wa Eurydice. Hakuna hata mstari mmoja wa Sophocles uliobadilishwa hadi hapa, na tayari nyumba yote imegeuka kuelekea upande mwingine. Athene, msichana anapambana na mtawala. Uluguru anapambana na mjomba wake, na mjomba anapiga marufuku kuzikwa kwa damu yake mwenyewe.

Wakati gani? Kuna mlango wa mwaka 1955, Waluguru walipoyakataa matuta ya lazima ya serikali ya kikoloni, polisi wakafyatua risasi Matombo na mtu akafa. Ndugu mmoja upande wa serikali, mwingine upande wa wanaopinga: mwandishi wa historia angeuchukua bila kufikiri mara mbili. Mimi ningeuacha. Hapo mtazamaji anajua mapema nani wa kumshangilia, na Antigone ikishakuwa na upande mmoja tu wenye haki inageuka hotuba. Leo ni pazuri zaidi. Polynices ameishi mjini, amerudi na mnunuzi, na amemuuzia sehemu ya shamba la ukoo lenye karafuu na mdalasini. Eteocles anailinda. Wanakutana mpakani, mapanga mikononi. Asubuhi wote wawili wako mochwari mjini.

Creon anaitisha kikao. Eteocles arudishwe alazwe kwenye makaburi ya ukoo. Yule mwingine aliuza ardhi ya wafu, basi azikwe na aliowauzia. Hapa fundi amepata badala ya mbwa na ndege kitu kinachotisha vilevile kwa watu wa huku: maiti ya mtu mwenye kwao, kwenye jokofu la hospitali, bili ikipanda, ikingoja kaburi la manispaa kati ya watu asiowajua. Anayedhani hilo ni jambo dogo akumbuke Kenya. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986, na mjane wake Wambui na ukoo wa marehemu, Umira Kager, wakapelekana mahakamani juu ya nani amzike na wapi. Alizikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baadaye, ukoo ukiwa umeshinda. Nchi nzima ilifuatilia kila siku ya kesi ile.

Antigone wa leo hawezi kuibeba maiti peke yake kutoka mochwari. Kwa Sophocles anaufuata mwili ulipo, na udongo upo miguuni pake. Kwetu mwili uko chini mjini na udongo unaotakiwa uko juu, kwenye makaburi ya ukoo. Kwa hiyo udongo ndio unaosafiri. Anachota usiku, anafunga kwenye pindo la kitenge, anateremka na bodaboda ya alfajiri mpaka barabara kuu, kisha anapanda basi la mjini. Tendo ni lilelile la miaka 2,400, konzi ya udongo inayoangukia mtu, ambalo kila mmoja wetu amelifanya ukingoni mwa kaburi la mpendwa. Ila sasa tuna safari nzima ya kumtazama mtu akiwa amebeba kosa lake mapajani, karibu na abiria mwenye tenga la nyanya.

Sehemu inayonifurahisha kuliko zote ni askari. Katika mchezo wa Kigiriki yupo mlinzi, mwoga, mropokaji, anayekuja kumwambia Creon kwamba amri imevunjwa na kuanza kwa kujitetea kabla hajaulizwa. Watafsiri wengi huhangaika naye, maana anachekesha katikati ya maafa na hawajui wamfiche wapi. Huku hana haja ya kufichwa. Huyo ni mtani. Msibani mtani ana kazi na ana uhuru: huhudumu, hukejeli wafiwa, huweza hata kulala kaburini akadai alipwe ndipo mazishi yaendelee. Si wa ukoo, kwa hiyo marufuku ya Creon haimgusi. Anaweza kumfungulia Antigone mlango wa mochwari kwa mzaha, kisha akaja kikaoni kumwambia Creon usoni, huku watu wakicheka, neno ambalo ndugu yeyote angelipia kwa kutengwa. Sophocles alihitaji kubuni mtu wa namna hiyo. Uluguru imempa cheo.

Haemon naye hubadilika sauti. Kwa Wagiriki anazungumza na baba ambaye ni mzazi na mfalme, akianza kwa unyenyekevu na kumaliza kwa kufoka. Kwetu baba hana mamlaka ya ukoo juu yake; kati yao kuna upendo zaidi kuliko amri. Na kumwoa Antigone hakuvunji mwiko, kwa kuwa mtoto wa mjomba ni wa ukoo mwingine. Anaweza kusema alichotaka kusema, taratibu, kama mkwe mtarajiwa aliyekuja kuposa kwa baba yake mwenyewe. Hiyo ni hali ya ajabu na tamu sana kuandikwa, na nadhani waigizaji wawili wazuri wangeifanya idumu robo saa bila mtu kukohoa.

Adhabu ndiyo iliyonipa taabu. Creon wa leo hawezi kumjengea msichana ukuta pangoni. Pango lenyewe lipo, na hapo ndipo fundi mchanga atakapoteleza. Kolelo, pango la mizimu ambako watu wa Uluguru na pwani walikwenda kuomba mvua na kupewa maagizo, lilitajwa sana katika habari za Majimaji za mwaka 1905. Kishawishi ni kumpeleka Antigone huko, na Tiresias mtabiri kipofu awe mlinzi wake, na joka litokee. Acha. Kolelo litajwe mara moja na mzee mmoja, kwa sauti ya chini, akimwonya Creon, na hilo linatosha. Adhabu itafutwe nyumbani. Kwa mila ya mwali, msichana alikaa ndani muda mrefu, akifichwa jua na macho ya watu, akitayarishwa kutolewa kwa ngoma na kuolewa. Creon anaamuru: kwa kuwa anajifanya mtu mzima, arudishwe ndani kama mwali, mpaka atakaposema amekosa. Angalia jinsi kiungo kinavyoingia bila kugongwa nyundo. Kwa Sophocles, Antigone akielekea pangoni analilia kaburi lile kama chumba cha arusi, kwamba anakwenda kuolewa na mauti. Maneno hayo mara nyingi husikika kama pambo la ushairi. Mbele ya watu wanaojua unyago ni nini, yanakuwa taarifa.

Kuna wanaofanya kazi hii kwa kubadilisha majina tu, Creon akawa Kiringo na Thebe ikawa kijiji, halafu mfalme yuleyule akaendelea kumlilia mwanawe kama mrithi wake. Kosa lao linaonekana mwishoni zaidi ya mahali pengine. Sophocles anamwangamiza Creon kwa kumnyima mke na mwana. Mila ya Uluguru ingempa pole kubwa kwa hao wawili, na kisha ukoo wa Eurydice ungekuja kudai maelezo, maana waliokufa ni wao. Lakini uharibifu wa Creon mwenyewe uko kwingine. Wapwa wawili wamekufa. Antigone amekufa. Ukoo unaendelea kupitia tumbo la mwanamke, na mlango huo ameufunga kwa mkono wake. Amebaki Ismene.

Ismene! Yule dada mwoga anayekataa kusaidia mwanzoni, anayetaka kushiriki lawama akachelewa, ambaye Sophocles anamwondoa katikati ya mchezo na hamkumbuki tena. Kiti cha Creon kitamwendea mtoto wa Ismene ambaye hajazaliwa, au hakitamwendea mtu. Siku ya kuondoa matanga, kikao kikikaa kuamua nani arithi, wazee wote wanageuka kumtazama msichana ambaye mwandishi alimsahau. Hakuna aliyepindisha mchezo ili afike hapo. Wajomba walihesabiwa sawasawa tangu ukurasa wa kwanza, na hesabu imemleta.

Hotuba yake Sophocles hakuiandika, kwa hiyo fundi ataitunga mwenyewe, na ndipo tutakapojua kama anastahili kazi hii. Mimi ningemtaka aiandike fupi, bila machozi. Ismene anakubali kuubeba ukoo. Ana masharti mawili. La kwanza, karatasi za mauzo ya shamba ziletwe kikaoni, zisomwe kwa sauti, kila aliyetia sahihi kama shahidi atajwe. La pili, mjomba mwenyewe, siyo kijana wa kutumwa, ateremke mjini kesho na gari la kukodi, alipe bili ya mochwari, na amlete kaka yake Ismene nyumbani kabla ya saa kumi.